Mkaguzi Asiyesikia King'ora

Asubuhi hiyo Chapuchapu aliosha vikombe kwa mara ya pili. Vilikuwa safi tangu mara ya kwanza. Alivifuta, akavipanga, akavipangua. Kisha akachukua ufagio na kufagia jikoni, ambako mama mkwe wake alikuwa amekwisha kufagia.

Mama mkwe alikaa karibu na mlango, akichambua maharage.

"Mwanangu, kaa chini," alisema. "Unanizungusha kichwa."

Chapuchapu alikuwa amempa mgongo. Aliendelea kufagia.

Mama mkwe akapaza sauti. "Nimesema kaa chini." Akapaza zaidi, mpaka jirani wa nyumba ya pili akaitika, "Nani, mimi?"

Chapuchapu hakuwa na kiburi, wala hakuwa amenuna. Hakusikia tu. Masikio yake yalikuwa yamezimika.

Kabla ya hapo alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mikate. Wenzake ndio waliompa jina la Chapuchapu, kwa sababu hakujua kutembea polepole. Mikate ikitoka tanurini na kupoa kidogo, ilipita mezani kwake. Aliangalia rangi. Alipima uzito kwa kiganja. Aligonga chini ya mkate kwa kidole. Mkate ulioiva hulia kama kitu chenye uwazi ndani. Mkate mbichi hutoa mlio mzito. Mkate mbichi haukumpita.

Ndipo alipougua homa ya uti wa mgongo. Alilazwa hospitali akiwa hajitambui. Madaktari waliokoa maisha yake. Lakini alipofumbua macho, aliona midomo ya watu inacheza bila sauti. Alidhani wanamtania. Daktari akamwandikia kwamba ugonjwa umeharibu mishipa ya kusikia, na usikivu wake hautarudi.

Nyumbani hakuna aliyejua waishi vipi na jambo hilo. Mumewe alikuwa kinyozi mwenye kibanda chake pale mtaani. Yeye alimwandikia maneno kwenye simu. Watoto walimvuta nguo. Mama mkwe hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo alipiga kelele. Chapuchapu naye alijaribu kusoma midomo, lakini midomo ina hila. Mtu akisema "mama" au "baba", midomo inafanya kitu kimoja. Siku moja mtoto alimwambia kwamba baba amerudi na anataka chai. Chapuchapu akampelekea mama mkwe chai, na mume akabaki na kiu yake.

Ukimya ulimsumbua. Kukaa bure kulimsumbua zaidi. Mikono yake ilitafuta kazi kama kuku anayetafuta punje.

Mchana, mumewe alipokuja kula, Chapuchapu alimwambia, "Homa imekwisha. Nguvu zimerudi. Kesho naenda kazini."

Mumewe aliandika kwenye simu, akamwonyesha: *Pumzika kwanza, mama watoto.*

"Nimepumzika mpaka nimechoka," alisema Chapuchapu.

Kesho yake alikwenda.

Meneja wa kiwanda alikuwa mtu mpole. Alimkaribisha ofisini, akamkalisha, akamwandikia kwenye karatasi kwamba wote wamefurahi kumwona. Kisha akamwita msimamizi wa tanuri. Huyo aliitwa Hamira, kwa sababu hakukawia kuumuka.

"Huyu hawezi kurudi mle ndani," Hamira alimwambia meneja. Alisema hivyo mbele ya Chapuchapu, kana kwamba hayupo. "Toroli za trei za moto zikitoka, mimi napiga king'ora. Watu wanapisha. Yeye atajuaje?"

Chapuchapu aliangalia midomo ya huyu, akaangalia midomo ya yule. Hakupata kitu.

"Mnazungumza habari zangu," alisema. "Basi andikeni."

Hamira akachukua kalamu. Aliandika neno moja kwa herufi kubwa: KING'ORA. Kisha akagusa sikio lake mwenyewe na kutikisa kichwa.

"Nitatumia macho," alisema Chapuchapu.

Meneja alikubali ajaribu siku hiyo.

Asubuhi yote kazi ilikwenda vizuri. Chapuchapu alivaa aproni yake na kofia, akasimama mezani, na mikate ikapita, akiipima kwa macho na kiganja. Kila mara aligeuka kutazama nyuma. Aligeuka mpaka shingo ikamuuma. Karibu na mchana, kreti moja lilianguka kutoka mezani. Aliinama kuliokota. Wakati huohuo mlango wa tanuri ulifunguka. King'ora kililia. Watu wakapisha. Toroli ilikuja, imejaa trei mpaka juu, na aliyeisukuma hakuona kilichokuwa mbele yake.

Hamira alikimbia. Alimkamata Chapuchapu kwa kamba za aproni na kumvuta. Joto la trei lilimpiga usoni, toroli ikapita.

Hamira alimgeukia. Alisema maneno mengi sana, na Chapuchapu hakupata hata moja. Baadaye aliyaandika: *Nimewahi kumtoa mtu humu ameungua. Sitaki wa pili.*

Meneja naye aliandika, na uso wake ulionyesha kwamba anaumia: *Ni kwa usalama wako. Andika barua ya kuacha kazi kwa hiari yako. Uilete mwisho wa wiki.*

Chapuchapu alirudi nyumbani akitembea mbio, kama mtu anayefukuzwa. Alimweleza mumewe. Mumewe akaandika: *Labda ni heri. Kibanda changu kitatulisha.*

"Sijasema nina njaa," alijibu. "Nimesema nataka kazi yangu."

*Ungeungua.*

"Najua ningeungua. Nilikuwepo."

Alizunguka chumba. Alikunja nguo, akazikunjua. Mama mkwe alimtazama mpaka akachoka kutazama. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Mwambie asiandike barua hiyo," alisema. "Mtu haandiki hukumu yake kwa mkono wake."

"Mama, hilo ni jambo la kiwanda."

"Andika nilivyosema. Na usipunguze neno."

Kinyozi aliandika kwenye simu kama alivyoambiwa. Chapuchapu alisoma, akamtazama mama mkwe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali kwa maneno ya mama huyo kumfikia. Kumbe kelele zote zile zilikuwa na maneno ya maana ndani yake.

Wiki ikasogea. Barua haikuandikwa, na hakuna aliyejua nini kingine kifanyike. Kwa kuwa hakuweza kukaa nyumbani, Chapuchapu alimfuata mumewe kibandani kumsaidia.

Siku hiyo aliingia mteja mwenye fimbo nyeupe. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwenye mkoba begani. Kinyozi alimnyoa vizuri. Alipomaliza, kwa mazoea, alichukua kioo kidogo na kukishika nyuma ya kisogo chake.

"Vipi, umependa?"

"Sina shaka kioo chako ni kizuri," alisema mteja. "Lakini mimi sioni. Nitauliza nyumbani."

Kinyozi alitaka ardhi immeze. Mteja alicheka, naye akacheka.

"Samahani, kaka. Unafanya kazi gani?"

"Kazi yangu ni kuuliza maswali. Mimi ni mtafiti. Ofisi ya kazi ya serikali imetuagiza tutafute kwa nini watu wenye ulemavu hawapati kazi. Na wanaopata, kwa nini hawadumu."

Kinyozi aliweka kioo chini. "Kaka, usiondoke. Mke wangu yuko hapo nyuma yako. Anafagia nywele ambazo bado hazijaanguka."

Hapo ikawa shida ndogo. Mtafiti hakuona maandishi wala ishara. Chapuchapu hakusikia. Kinyozi alisimama katikati, hajui aanzie wapi. Lakini mtafiti alitoa simu yake mkobani. Simu ile iligeuza sauti kuwa maandishi. Yeye alisema, Chapuchapu akasoma. Chapuchapu alimsimulia kwa mdomo habari za homa, toroli, Hamira na barua, yeye akasikia.

Simu haikuwa na masikio mazuri sana. Mtafiti alisema, "Kuna sheria ya kazi inayokuhusu." Simu ikaandika: *Kuna sherehe ya kazi inayokuhusu.*

"Sherehe gani tena," aliuliza Chapuchapu, "na mimi nafukuzwa?"

Mtafiti alirudia polepole. Kisha akauliza, "Umeandika hiyo barua?"

"Bado."

"Usiiandike. Ukiandika kwamba umeacha kwa hiari, basi umeacha kwa hiari. Sheria yetu inasema mwajiri asimwondoe mtu kwa sababu ya ulemavu kabla ya kuchunguza, pamoja naye, ni kitu gani kinaweza kurekebishwa kazini. Watu wengi wanaisoma na kuruka hayo maneno mawili. Pamoja naye."

Chapuchapu alisoma, akarudia kusoma.

"Na kama hakuna cha kurekebisha?" aliuliza. "Toroli nusura inimalize. Hamira hakusema uongo."

"Hilo ni swali zuri. Jibu lake silijui."

"Hujui?"

"Ndiyo maana tunafanya utafiti. Mwajiri anakisia. Mfanyakazi anakisia. Hata daktari anakisia. Kila bosi niliyemuuliza aliniambia marekebisho yatakuwa ghali. Nikamuuliza, umeuliza bei? Wengi hawakuwa wameuliza. Basi twende kiwandani tukaangalie."

"Wewe utaangaliaje?" Maneno yalimtoka Chapuchapu kabla hajayafikiria. Mumewe alijifunika uso.

"Nitasikiliza," alisema mtafiti. "Macho utaleta wewe."

Alimwambia pia kuhusu darasa la lugha ya alama katika ukumbi uliokuwa karibu na shule. Chapuchapu alikunja uso.

"Hilo ni la viziwi. Mimi niliugua tu."

Mtafiti aligusa fimbo yake. "Nami nilisema hivyohivyo," alisema. "Nilisema macho yangu yamechoka, yakipumzika yatarudi. Nilikuwa najigonga kwenye milango huku nasema hivyo. Siku niliyoshika fimbo ndiyo siku niliyotoka nje peke yangu."

Chapuchapu alirudi kwenye ufagio wake. Lakini walipokuwa wanafunga kibanda, alimwambia mumewe, "Yeye haoni, mimi sisikii. Tumeelewana kuliko mimi na wewe wiki nzima. Hilo darasa, tutakwenda wote wawili."

Ofisi ya kazi ilimpigia meneja simu. Meneja alisema kuangalia hakukatazwi. Siku iliyopangwa, mtafiti na Chapuchapu waliingia kiwandani. Hamira alikunja mikono kifuani.

Mtafiti alianza kuuliza maswali. Aliwauliza wafanyakazi, mmoja mmoja. Alitembea kwa fimbo yake kando ya ukuta.

"Njia ya toroli iko wapi?" alimuuliza Hamira.

"Inajulikana."

"Na nani?"

"Na sisi."

"Mgeni aliyeanza kazi leo ataijuaje?"

Hamira alikuna kidevu. "Ataambiwa."

"Kwa sauti, katika kelele hizi?"

Hamira alianza kuumuka.

Wakati huo Chapuchapu hakutulia. Alikwenda huku, akarudi kule. Tangu alipoacha kusikia, alikuwa amezoea kusoma nyuso za watu, na sasa alizisoma. King'ora kilipolia, alijua kwa kuwaona watu wa karibu na tanuri wakipisha. Lakini watu wa mashine ya kukandia unga, mwisho wa ukumbi, walichelewa. Alitazama tena. Walichelewa tena.

Alimrudia mtafiti, akamshika mkono.

"Wale wa mashine ya kukandia hawapishi mpaka waone wenzao wanapisha," alisema. "Wanatazama miguu ya watu. Sidhani kama wanasikia."

"Wanasikia," alisema Hamira. "Masikio yao ni mazima. King'ora hiki kinasikika mpaka barabarani."

Simu iliandika maneno ya Hamira. Chapuchapu aliyasoma.

"Basi tuwajaribu," alisema. "Kila mtu asimame mahali pake pa kazi. Mashine zote ziwe zinafanya kazi. Wageukie ukuta, wasitazamane. Anayesikia king'ora ainue mkono."

Mtafiti alipenda jambo hilo. Wakapanga. Hamira atapiga king'ora. Mtafiti atakisikia na kumgusa Chapuchapu begani. Chapuchapu ataona mikono ya nani imeinuka. Meneja alisimama nao, akishuhudia.

Hamira alibonyeza. Mtafiti akamgusa Chapuchapu bega.

Karibu na tanuri mikono yote iliinuka. Katikati ya ukumbi iliinuka baadhi, mingine kwa kusitasita. Kwenye mashine ya kukandia haukuinuka hata mkono mmoja. Watu wale walisimama wametazama ukuta, wakisubiri.

"Wanafanya utani," alisema Hamira. Alibonyeza tena. Haukuinuka mkono.

"Zimeni mashine ya kukandia," alisema mtafiti.

Mashine ilizimwa. Hamira alibonyeza, na mikono yote ikainuka. Mashine ikawashwa, akabonyeza, na mikono ikabaki chini.

Meneja alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Hamira alikuwa bado ameweka kidole kwenye kitufe.

"Alikuwa amesimama pale," alisema.

"Nani?" aliuliza mtafiti.

"Mkandaji wangu. Yule aliyeungua mkono. Alikuwa amesimama palepale. Nilisema ni mzembe. Nilisema king'ora kimelia na hakupisha. Wakamwondoa kazini kwa neno langu." Alivuta kreti, akakaa. "Yeye aliniambia hakusikia. Nikamjibu, kwani wewe kiziwi?"

Chapuchapu aliyaona maneno hayo yakitokea kwenye simu, moja baada ya jingine. Alimtazama mzee yule aliyekaa juu ya kreti. Hakumwambia pole, na hakumlaumu.

"Bwana Hamira, inuka," alisema. "Kazi haijaisha. Bado hamjanijaribu mimi."

Ni kweli, meneja alikuwa na swali moja. Mkaguzi hugonga mkate na kusikiliza. Asiyesikia atafanyaje? Chapuchapu alikwisha kujiuliza swali hilo nyumbani, na alikuwa amegonga kila mkate ulioingia mlangoni mwake mpaka watoto wakanuna. Aliomba aletewe mikate. Hamira alikwenda kuchagua mwenyewe. Alichanganya iliyoiva na iliyoondolewa tanurini mapema.

Chapuchapu alishika mkate mmoja mmoja. Aliugonga chini kwa kidole cha mkono mmoja, huku vidole vya mkono wa pili vikiulalia ubavuni.

"Ulioiva unatetemeka," alieleza. "Mbichi umelala."

Alitenga mikate kadhaa pembeni. Hamira alichukua kisu, akaikata. Ndani ilikuwa na unga mbichi unaonata. Alikata na ile mingine. Ilikuwa imeiva.

Hamira alimtazama, akainua kidole gumba.

Baada ya hapo walikaa ofisini, meneja, Hamira, Chapuchapu, mtafiti na fundi umeme wa kiwanda. Chapuchapu hakukaa, alisimama dirishani. Walizungumza kwa zamu, ili simu iandike vizuri. Waliona kwamba tatizo halikuwa masikio ya Chapuchapu peke yake. Tatizo lilikuwa king'ora kinachotegemea masikio tu, katika chumba ambacho masikio hayafanyi kazi.

Fundi umeme alisema anaweza kufunga taa nyekundu zinazozunguka, ziwake pamoja na king'ora. Moja juu ya mlango wa tanuri, moja kwenye mashine ya kukandia, moja mbele ya meza ya mkaguzi. Hamira alisema njia ya toroli ipakwe rangi ya njano sakafuni, na mtu asiweke kitu wala kusimama ndani yake. Msukumaji wa toroli, aliyeitwa kutoa maoni, alisema trei zisipangwe kupita kimo cha kifua chake, ili aone mbele. Alikuwa akitaka kulisema hilo tangu zamani, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza. Chapuchapu aliomba meza yake igeuzwe, aelekee tanuri badala ya kulipa mgongo.

Meneja aliwasikiliza wote. "Nilifikiri mtaniambia nijenge kiwanda kipya," alisema.

Kazi ya kufunga taa ilichukua muda mfupi kuliko vikao vya kuzijadili. Zilipokuwa tayari, walifanya jaribio lilelile. Safari hii hakuna aliyegeukia ukuta, kila mtu alifanya kazi yake kama kawaida. Taa zilizunguka, na ukumbi mzima ukapisha kwa pamoja. Chapuchapu alirudi mezani kwake siku hiyohiyo, na hakusubiri kuambiwa mara mbili.

Lakini mtafiti hakuridhika.

"Taa zipo, vizuri," alimwambia meneja. "Wewe ukihama, je?"

"Sijaelewa."

"Leo kiwanda kina meneja mpole. Kesho anaweza kuja mwingine. Mtu mwenye ulemavu asiwe anaomba Mungu apate bosi mwenye huruma. Ndiyo maana tunataka sera. Sera ni ahadi iliyoandikwa, ili kazi ya mtu isitegemee moyo wa mtu mwingine umeamkaje."

Wakaiandika, kwa maneno ambayo kila mfanyakazi angeweza kuyasoma. Mfanyakazi akipata ulemavu, asiambiwe aondoke. Kwanza akae na uongozi, waangalie pamoja nini kirekebishwe. Nafasi ya kazi ikitangazwa, tangazo liseme wazi kwamba watu wenye ulemavu wanakaribishwa kuomba. Asiyesikia asifanyiwe usaili kwa simu; aandikiwe, au awepo mkalimani wa lugha ya alama. Asiyeona asomewe, na anayetembelea kiti cha magurudumu asiitwe ghorofani ambako hakuna lifti. Na kila aliyeumia kiwandani asikilizwe kabla ya kulaumiwa. Sharti hili la mwisho lilitoka kwa Hamira, na hakukubali liondolewe.

Mtafiti alichukua matokeo ya kiwanda kile, akayaweka pamoja na ya sehemu nyingine alizokwenda: karakana, hoteli, ofisi, mashamba. Ofisi ya kazi iliyasoma. Ikatoa mwongozo kwa viwanda vyote vilivyo chini yake kwamba ishara ya hatari isikike na ionekane, na ijaribiwe mahali ambapo wafanyakazi husimama, mashine zikiwa zimewashwa. Si wote waliofurahi. Katika mkutano wa waajiri, mwenye kiwanda cha sabuni alisimama.

"Tukiwachukua hawa, wakipata ajali lawama ni ya nani?" aliuliza.

Hamira, aliyekuja na meneja wake, alikuwa amekaa nyuma. Alisimama bila kuruhusiwa.

"Aliyeungua kwangu alikuwa anasikia vizuri kabisa," alisema. "Asiyesikia ndiye aliyetuonyesha sababu." Kisha akakaa. Mwenye kiwanda cha sabuni hakusema amekubali. Alisema atafikiri.

Nyumbani nako mambo yalisogea. Chapuchapu na mumewe walikwenda darasa la lugha ya alama kila Jumamosi. Kinyozi alikuwa na mikono myepesi, lakini alichanganya ishara, na mara moja alimwambia mwalimu kwamba ameoa mkasi. Mama mkwe hakutaka kuachwa nyuma. Alijiunga na darasa la kisomo cha watu wazima. Alijifunza herufi kwa hasira, kama mtu mwenye jambo la haraka la kusema. Siku alipoweza kuandika sentensi yake ya kwanza, alimnyang'anya mwanawe simu, akabonyeza herufi moja moja, akampelekea mkwe wake ujumbe. Chapuchapu aliufungua akiwa kazini. Ulisema: *chumvi ya jana ilizidi.*

Aliusoma mara nyingi siku hiyo, na kila mara alicheka peke yake.

Hamira alibaki na jambo moja moyoni. Alikwenda kumtafuta yule mkandaji. Alimkuta nyumbani kwao. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimejikunja kwa makovu na havikunyooka tena. Tangu alipoondolewa, alikuwa ameomba kazi sehemu nyingi, na kila mahali walitazama mkono kwanza.

"Umefuata nini?" aliuliza mkandaji.

"Nimekuja kukuambia ulisema kweli. Hukusikia. Hakuna ambaye angesikia."

Mkandaji alifunga mlango.

Hamira alikwenda tena. Mara hii mkandaji alimwacha aingie, lakini hakumkaribisha kiti. Mara nyingine alikwenda na meneja, na meneja alimsomea ile sera, akamwambia kuna nafasi ya mkaguzi wa pili.

"Sitaki kazi ya huruma," alisema mkandaji.

"Nami sijaja nayo," alijibu meneja. "Utajaribiwa kama wengine. Ukipitisha mkate mbichi, utamsikia Hamira."

Alikuja Jumatatu. Kwanza alisimama mlangoni, akitazama mahali palepale pa mashine ya kukandia. Taa iliwaka, na waliokuwa pale walipisha. Alivuta pumzi, akaingia.

Chapuchapu alimfundisha kazi. Kushika mkate hakukutaka vidole vilivyonyooka. Kulitaka mkono ulio makini. Alimfundisha pia ishara, kwa kuwa sasa ukumbi mzima ulizitumia. Watu walikuwa wamegundua kwamba karibu na ile mashine, mikono huzungumza vizuri kuliko midomo. Wasiokuwa na tatizo lolote la masikio waliacha kupayuka na kuanza kuonyeshana kwa mikono: leta, subiri, bado, imeiva.

Mkandaji alijaribu ishara ya "imeiva". Vidole vyake vilivyokunjamana havikufuata. Alijaribu tena, akaona aibu, akashusha mkono.

Chapuchapu aliushika ule mkono, akauinua juu.

"Mkono wako una lafudhi," alimwambia. "Lakini nimekuelewa."

Mkandaji akacheka. Taa ikawaka. Walisogea pamoja, toroli ikapita, wakarudi kwenye mikate.